Wakili Kijana Naye ni Mfanyakazi



Leo twasema habari za mawakili vijana. Msicheke: hao ni watoto wetu, na kesi zetu za fidia zitakuwa mikononi mwao.

Hapa Kenya, kijana akimaliza chuo kikuu huingia Kenya School of Law, na hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu ajifunze kazi. Lakini katika ofisi nyingine hafundishwi. Hutumwa kupeleka faili mahakamani, na jioni hurudi nyumbani bila hata nauli. Zamani alijifunza kwa kuandika barua na kutafuta hukumu za kale. Sasa kompyuta yafanya mengi ya hayo. Basi atajifunzia wapi?

Sisi twataka mambo matatu. Kwanza, alipwe. Pili, aandikiwe mapema atafundishwa nini, na nani, na atapandaje cheo. Tatu, aketi karibu na mkubwa wake mteja akija na kesi ikisikizwa, kama mwanagenzi karibu na fundi.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kupata malipo yanayostahili na ya kujiunga na chama. Haikusema isipokuwa mvaa joho. Nasi tusimwache nje.