Mji wa Levuka

Tulipofika Levuka, katika kisiwa cha Ovalau huko Fiji, tulidhani watu wamehama. Mji karibu wote ni njia moja ya pwani: mbele bahari, nyuma milima iliyosimama wima. Maduka ni ya mbao, na kanisa la Wakatoliki la mwaka 1858 lingali limesimama.

Hapa Mfalme Cakobau na wakuu wenzake waliwakabidhi Waingereza nchi yao, tarehe 10 Oktoba 1874. Kisha akazuru Sydney, na Januari 1875 akarudi katika manowari ya Kiingereza iliyochukua surua. Manowari haikuwekwa karantini. Wakuu waliokuja kumlaki wakaupeleka ugonjwa vijijini mwao, wakafa watu wapatao 40,000. Twakiri kwamba habari hiyo ilitunyamazisha kuliko utulivu wa mahali penyewe.

Mwaka 1882 makao ya serikali yalihamia Suva, kwa kuwa milima iliunyima mji nafasi ya kukua. Ndiyo sababu nyumba nyingi za kale hazikubomolewa, hata mwaka 2013 UNESCO ikauandika mji huu katika Urithi wa Dunia. Jioni tuliketi ufukoni, tukawatazama watoto wakivua samaki.