Sukari tunayoinywa

Kisukari kikitajwa, macho yetu hukimbilia sahani: wali, chapati, chipsi. Mimi nasema tutazame glasi kwanza. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai.

Sasa hesabu. Soda ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 30. Asubuhi ulikunywa chai kibandani, mara nyingi imeshatiwa sukari kwenye birika, wala huulizwi. Saa kumi kikombe kingine na andazi lake. Kiwango kimeshafika, pengine kimepitwa, na cha usiku hakijainjikwa. Juisi ya ukwaju nayo, tunayoisifu kuwa ya asili, hunyweka kwa sababu ya sukari.

Sisemi watu waache chai, nani atasikia? Wenye vibanda wapike chai isiyo na sukari, bakuli la sukari likae mezani. Nawe msikilizaji, kesho ukiagiza, wahi kusema: sukari nitatia mwenyewe.