Jiwe la Kijani Laweza Kuwa na Shaba, Lakini Lipimwe Kabla ya Kuuzwa



Katika maeneo yenye shaba, kama vile Macalder, Kaunti ya Migori, ambako shaba ilichimbwa hadi miaka ya 1960, mchimbaji mdogo huweza kukutana na jiwe la kijani. Huenda hilo ni malakaiti. Likiwa la samawati iliyokoza, huenda ni azuraiti.

Rangi hiyo hutoka wapi? Chini ardhini, mara nyingi shaba huwa imeshikana na salfa. Maji ya mvua na hewa yakiifikia, shaba huachana na salfa na kuungana na kaboni na oksijeni. Hata waya wa shaba uliokaa nje miaka mingi hugeuka kijani.

Katika malakaiti, kila atomi mbili za shaba zina kundi moja la kaboneti, yaani kaboni moja na oksijeni tatu, pamoja na vikundi viwili vya oksijeni na haidrojeni. Kila shaba imezungukwa na oksijeni sita: nne karibu, mbili mbali kidogo. Azuraiti ina vitu vivyo hivyo kwa vipimo tofauti, na ikikaa kwenye unyevu hugeuka polepole kuwa malakaiti.

Kilo 100 za malakaiti safi zina shaba kilo 57 hivi. Azuraiti safi, kilo 55. Lakini jiwe lenye ukijani wa juu juu, ambalo likivunjwa ndani ni la kijivu, laweza kuwa na shaba kidogo mno. Hapo ndipo watu huumia. Mmoja huuza jiwe zuri kwa bei ya kokoto. Mwingine humaliza karo ya mtoto akichimba shimo lisilo na faida.

Basi mchimbaji avunje mawe kutoka sehemu mbalimbali za shimo, ayapeleke maabara, na apate matokeo kwa maandishi kabla ya kukubaliana bei na dalali. Anapoyavunja, ayaloweshe maji na afunike pua, kwa kuwa vumbi lake ni sumu.

Tena awe na kibali. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Jiwe linalouzwa kwa siri huinyima jamii fungu lake.