Uigaji wa Kompyuta na Mwendo wa Wagonjwa Katika Hospitali za Rufaa za Kitui na Makueni

Uigaji wa kompyuta, kwa maana inayotumika katika mada hii, ni utaratibu wa kuunda ndani ya kompyuta mfano wa hospitali nzima, wenye wagonjwa wa kubuni wanaowasili, kusubiri, kuhudumiwa na kuhama idara kwa kufuata muda uliopimwa katika hospitali halisi, ili badiliko lolote linalopendekezwa lijaribiwe humo kabla ya kumgusa mgonjwa. Msingi wake ni nadharia ya foleni, ambayo Mdenmarki Agner Krarup Erlang aliiasisi mwaka 1909 alipochunguza simu zilizoingia katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na ambayo Norman Bailey wa Uingereza aliihusisha na miadi ya wagonjwa wa nje mwaka 1952.

Haja ya chombo hiki Ukambani, eneo la Kenya zilimo kaunti za Kitui na Makueni, imekua tangu serikali za kaunti zilipokabidhiwa huduma za afya mwaka 2013. Makueni ilianzisha mpango wa MakueniCare mwaka 2016, ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti, na Kitui ikafuata na bima yake ya K-CHIC kwa shilingi 1,000. Kumwondolea mgonjwa kikwazo cha fedha kulikuwa jambo la haki; hata hivyo, mlango unapofunguliwa huku vyumba vya ndani vikibaki vilevile, foleni haiishi bali huhamia mbele.

Hesabu rahisi ya nadharia ya foleni inatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Daktari mmoja anayetumia wastani wa dakika 12 kwa mgonjwa, akipokea wagonjwa 4 kwa saa wanaofika bila mpangilio, kila mgonjwa atakaa kwake wastani wa dakika 60, kusubiri na kuhudumiwa pamoja. Wakiongezeka hadi 4.5 kwa saa, wastani huo utafika dakika 120. Nyongeza ya thumuni moja imeongeza muda maradufu, ingawa daktari hajazembea hata kidogo.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haitoshi kwa hospitali kama ile ya rufaa iliyoko Wote, kwa sababu mgonjwa hapiti kwa mstari mmoja. Baada ya kusajiliwa na kupimwa joto na shinikizo la damu, humwona daktari, hutumwa maabara, kisha hurudi kwa daktari yuleyule na majibu yake kabla ya kwenda dirisha la dawa, na anaporudi humkuta mgonjwa mpya akisubiri kiti kilekile. Hapa ndipo uigaji unapozidi jicho la msimamizi: foleni ndefu mlangoni pa daktari huenda imezaliwa maabara, ambako sampuli hukusanywa hadi zijae ndipo mashine iwashwe, hivyo majibu hutoka kwa pamoja na wagonjwa hurudi kwa kundi. Kuongeza daktari katika hali hiyo ni kutibu dalili.

Kitui ina tatizo la namna nyingine. Kaunti hiyo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 30,000, karibu mara nne ya Makueni, na mgonjwa anayetoka mbali hutegemea matatu za asubuhi, kwa hiyo miadi ya saa nane mchana yaweza kumlazimu kulala mjini. Mfano wa kompyuta ulioigwa kutoka mji mkubwa wenye usafiri wa kila saa utaipotosha Kitui, na ni heri kukosa mfano kuliko kuwa na mfano wa namna hiyo.

Kuhusu gharama, programu haipaswi kuwa kisingizio, kwani SimPy, inayoandikwa kwa lugha ya Python, hupatikana bure. Kazi ngumu ni takwimu. Daftari za wagonjwa wa nje zimekusudiwa kuhesabu wagonjwa na magonjwa, si dakika, kwa hiyo itabidi kila mgonjwa apewe kadi inayoandikwa saa katika kila kituo, kwa majuma kadhaa, yakiwemo ya siku za soko na yale yanayofuata mvua za Oktoba hadi Desemba, malaria inapoweza kuongezeka. Mfano ukishaundwa, sharti kwanza utoe muda wa kusubiri unaolingana na ule uliopimwa. Usipolingana, wauguzi na watu wa maabara waitwe waseme ni hatua gani imesahauliwa, kwa maana wao ndio wanaojua kitendanishi kikiisha kazi husimama kwa muda gani, na mgonjwa aliyeruhusiwa asubuhi hubaki kitandani hadi saa ngapi akingoja hati zake za malipo zikamilishwe.