Kutoa kwa Kupanda: Hoja kwa Walimu wa Darasa la Kwanza, Tarime na Serengeti

Wapo walimu, na si wachache, wanaoshikilia kwamba kutoa ni kurudi nyuma na si kitu kingine. Nane kutoa tatu: simama kwenye nane, rudi hatua tatu. Mtoto akishazoea, akatazwe vidole, akariri majibu. Msimamo huu umekaa madarasani muda mrefu bila kuhojiwa, na mhadhara huu umeandikwa ili kuuhoji.

Mwangalie mtoto anayefuata maelekezo hayo kwa utiifu. Anakunja kidole cha kwanza: "Nane." Cha pili: "Saba." Cha tatu: "Sita." Anaandika sita, na mwalimu anachora kosa kwa wino mwekundu. Mtoto huyu hakuzembea. Vidole vyake ni vitatu kama alivyoambiwa. Alichokosea ni kuihesabu namba aliyosimama juu yake kana kwamba ni hatua ya kwanza, na katika kurudi nyuma hakuna kitu cha kumwonya. Karen Fuson wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, aliyachunguza matatizo haya kwa makini. Katika makala zake za 1986 na 1988 alionyesha kwamba watoto wadogo hufundishika vizuri kutoa kwa kuhesabu kupanda: kumi na moja kutoa nane ni "tisa, kumi, kumi na moja", vidole vitatu, jibu tatu.

Kwa Tarime na Serengeti liko jambo jingine ambalo utafiti wa Marekani haukuwa na sababu ya kulitazama. Watoto wengi huku huingia shuleni wakiwa na Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kinata, na Kiswahili wanakikuta darasani. Moja hadi ishirini wanaipokea kama wimbo, na wimbo huimbwa kwenda mbele. Mwambie mtoto huyo aanze kumi na nne arudi nyuma, atanyamaza, kisha kimoyomoyo ataanza tena kutoka moja ili ajue kumi na tatu iko wapi. Hapo anapimwa lugha, lakini alama inaandikwa kwenye safu ya Kuhesabu. Mtaala wa KKK ulioanza 2015 kwa darasa la kwanza na la pili uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya yote. Ulifanya vema. Lakini kuhesabu kwa lugha ngeni kunahitaji njia inayoanzia pale ulimi wa mtoto ulipo imara.

Wapinzani hujibu: huko kupanda ni kujumlisha, si kutoa. Jibu hili linasikika kama la kitaalamu, ila halisimami. Chacha alikuwa na ndizi nane, akala tatu: hapo vitu vinaondoka. Bhoke ana maembe matano, anataka yawe manane: hakuna kinachoondoka, na bado hesabu ni nane kutoa tano. Carpenter na Moser, waliowafuatilia watoto wa Wisconsin kwa miaka mitatu na kuchapisha matokeo 1984, waliona kwamba mtoto huifuata hadithi. Ya Chacha ataifanya kwa kuondoa. Ya Bhoke ataifanya kwa kuongeza, hata kabla hajafundishwa. Anayesema kutoa ni kurudi nyuma tu amekwisha kuitupa nusu ya hesabu za maisha.

Kitabu ambacho kila mwalimu wa mkoa wa Mara angepaswa kukishika mkononi ni *Arithmetic in Africa* cha Otto Raum, kilichotoka London 1938. Raum, mwana wa mmisionari, alikulia Uchagani, na miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kikubwa juu ya utoto wa Wachaga, *Chaga Childhood*. Hakuwa mtu wa kuitazama Afrika kupitia dirishani. Katika kitabu kile chembamba cha hesabu anasisitiza kwamba elimu haizai matunda isipojengwa juu ya utamaduni na mambo yanayomgusa mwanafunzi, na kwamba mwalimu mzuri huanza kwa kuuelewa ulimwengu wa mtoto kabla ya kugusa ubao. Aliyaandika hayo wakati wa ukoloni, akiwaandikia walimu. Leo vizibo vya soda na vijiti vimejaa madarasani, lakini swali lake la kwanza, mtoto anahesabuje akiwa nje ya darasa, bado haliulizwi vya kutosha.

Ushahidi wa nje usitafutwe zizini. Mchungaji hufika jioni akamtambua ng'ombe aliyepotea kwa rangi, pembe na mwendo, hahitaji kutoa. Utafutwe sokoni. Kwenye gulio moja karibu na Mugumu, mwandishi wa mhadhara huu alinunua maandazi ya mia tatu kwa binti mdogo, akampa jero. Binti aligusa mfuko wa maandazi, "mia tatu," akaweka sarafu, "mia nne," akaweka nyingine, "mia tano." Uwezo wa namna hii hauko huku tu: watafiti wa Recife, Brazili, walichapisha 1985 utafiti kuhusu watoto wauzaji waliopata asilimia 98 ya hesabu za sokoni, ila asilimia 37 tu zilipoandikwa kama za shule.

Kurudi nyuma kuna mahali pake. Tisa kutoa mbili hakuna sababu ya kupanda, na Woods, Resnick na Groen walionyesha 1975 kwamba watoto wenyewe huelekea kuchagua njia fupi. Kukariri nako ni lazima kuje. Huwezi kutoa mamia ukiwa unakunja vidole. Lakini kama ni njia moja ya kuanzia kwa mtoto wa Nyamongo au Sirari, iwe ya kupanda.

Chuo cha Ualimu Tarime kina wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha. Wapewe kazi hii: kila mmoja akae na watoto wa darasa la kwanza, awape kumi na mbili kutoa tisa, awaache na vidole vyao, na aandike wanachokifanya kabla ya kuwasahihisha.