Tochi ya Mfukoni: Betri Mpya Yataka Chaja Yake

Mazungumzo kwa wanafunzi wa umeme na mafundi wa jua kali katika chuo cha ufundi



Stima zikipotea usiku, kitu cha kwanza kinachotafutwa nyumbani ni tochi. Mhudumu wa afya ya jamii anayeitwa usiku wa manane kwa mama mwenye uchungu hutembea nayo. Mlinzi wa soko anayo. Mwendesha bodaboda aliyeharibikiwa njiani huishika kwa meno ili mikono yote miwili ifanye kazi. Nyingi ni zile ndogo za plastiki, zenye pini za kuchomeka ukutani zinazojikunja nyuma. Zikiwa mpya zinamulika hadi ng'ambo ya shamba. Baadaye zinawaka dakika kumi, zinafifia, na mwenyewe anaelekea kwa fundi.

Ndani ya tochi hiyo mna betri ndogo ya risasi na asidi, ya volti 4. Betri ya aina hii haipendi kukaa tupu. Ikiachwa wiki nyingi bila chaji, huharibika na haishiki chaji tena. Fundi anajua dawa yake. Hufungua betri kuukuu ya laptopu na kutoa seli moja ya lithiamu, ile ya mviringo iitwayo 18650 kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Volti zake ni 3.7, karibu sawa na za betri iliyokufa, lakini kwa uzito uleule hubeba umeme mara kadhaa zaidi. Seli inaingia, tochi inawaka, mteja analipa na kwenda zake.

Hatari huanzia hapo. Taa haioni tofauti kati ya betri hizo mbili. Chaja ndiyo inayoiona. Chaja iliyomo ndani ya tochi hizi kwa kawaida ni kapasita moja na diodi chache zinazopunguza umeme wa ukutani wa volti 240, na haina namna ya kujua kwamba betri imejaa. Betri ya risasi ikichajiwa kupita kiasi hukauka na kufa polepole. Seli ya lithiamu haina subira hiyo. Imejaa inapofika volti 4.2; ikisukumwa kupita hapo hupata joto, gesi hujaa ndani, na inaweza kupasuka na kuwaka. Tena watu huchomeka tochi jioni na kuitoa asubuhi, mara nyingi karibu na godoro.

Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya zimamoto, na likaipa pia vyuo vya ufundi vya kijijini. Nyumba inayookolewa kwenye meza ya fundi haihitaji gari la zimamoto.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza tochi ichomolewe kabisa, kwa kuwa ikiwa ukutani waya zake za ndani zinaweza kuwa na umeme wote wa 240. Kisha chaja ya zamani itolewe, pamoja na pini zake. Fundi asiziache pini kwa sababu zinapendeza; zikibaki, siku moja mtoto atazichomeka.

Mahali pake huwekwa bodi ndogo kuliko kiberiti, iitwayo TP4056, inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Huchajiwa kwa chaja ya kawaida ya simu ya volti 5, au kwa mtambo wa sola wenye tundu la simu, na husimamisha chaji yenyewe seli ikifika volti 4.2. Zipo za aina mbili, na hapa wengi hukosea. Inayofaa ina sehemu nne za kuunganisha waya: mbili za betri, B+ na B-, na mbili za kwenda kwenye taa, OUT+ na OUT-. Hiyo ina kinga ya ziada inayokata umeme seli ikikaribia kuisha au ikipigwa shoti. Yenye sehemu mbili tu haina kinga hiyo.

Bodi hii hutoka kiwandani ikichaji kwa ampea 1, na ndani ya plastiki iliyofungwa hupata moto. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kubadilisha rizista ya kilo-omu 1.2 aweke ya kilo-omu 2, na chaji ishuke hadi takriban ampea 0.58. Seli itachelewa kujaa, lakini tochi haitayeyuka.

Kuhusu seli za laptopu, mita ya volti ndiyo hakimu. Iliyoshuka chini ya volti 2 itupwe kwenye chombo cha taka za elektroniki, hata kama inakubali kuchajiwa. Iliyojaa iachwe mezani wiki moja. Ikishuka chini ya volti 4.0, haifai. Ganda la plastiki likichanika, seli isitumike hadi livikwe upya, kwa sababu kopo lote la chuma ni upande wa hasi, na pale juu limetengana na chanya kwa nafasi ndogo sana. Isilehemiwe moja kwa moja. Itumike kishikilio cha springi. Na seli mpya iliyoandikwa mAh 9900 ni uongo wa kibandiko. Ya laptopu yenye mAh 2600 halisi, kwa taa inayokula nusu ampea, huwaka kama saa tano.

Betri ya risasi iliyotolewa isichomwe wala kupasuliwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya risasi kutoka kwa kiwanda cha jirani kilichoyeyusha betri kuukuu. Kwa fundi inatosha kuwa na ndoo yenye kifuniko, mbali na watoto, hadi mkusanyaji mwenye kibali apite.

Chaji ya kwanza ifanyike kwa fundi, juu ya sakafu ya saruji, mchana, huku akiigusa tochi mara kwa mara. Ikiisha, mita isome 4.2 au chini kidogo. Ndipo mteja aitwe, aonyeshwe tundu jipya, na aambiwe kwamba kuanzia leo tochi yake inakula kwa chaja ya simu.