Kompyuta ya Kwanza ya Michezo kwa Fedha Kidogo
Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa vijana na wazazi katika mkutano wa kata



Nazungumzia jambo ambalo baadhi ya wazee wetu wanaweza kuliona ni la mchezo. Ni la mchezo kweli, lakini fedha zinazopotea ndani yake si za mchezo.

Vijana kadhaa wamefika ofisini kwetu na swali moja: "Nina fedha kidogo, nataka kompyuta yangu ya kwanza ya kuchezea michezo. Nianze na kipuri kipi?" Nitalijibu kwa kueleza kosa langu mwenyewe.

Nikiwa mwanachuo wa stashahada, niliweka akiba kwa miezi minane. Nikanunua kadi ya picha bora kuliko zote nilizoweza kuzimudu, kisha kwa fedha iliyobaki nikachukua pawa saplai ya bei ya chini kabisa, nyepesi kama kopo tupu, yenye kibandiko cha wati 500. Wiki ya tatu, umeme uliporudi baada ya kukatika, nilisikia mlio na kunusa harufu ya kuungua. Pawa saplai ilikufa, nayo haikufa peke yake: iliondoka na bodi mama pamoja na ile kadi. Mama yangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ile ya bei nafuu ilikuokolea shilingi ngapi?"

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo ninalotaka mwondoke nalo leo. Pawa saplai haiongezi uzuri wa picha hata kidogo, lakini ndiyo inayolisha vipuri vyote, na ikiharibika vibaya huweza kuviharibu vyote. Chagueni ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus na dhamana ya maandishi. Alama hiyo hupima matumizi mazuri ya umeme. Si kinga ya kila hitilafu, hivyo jina la mtengenezaji na dhamana vina uzito wake. Palipo na umeme wa kupanda na kushuka, wekeni na stabilaiza au UPS.

Baada ya hapo, kwa mwenye fedha kidogo ninaziona njia mbili.

Njia ya kwanza ni kompyuta ya mezani ya ofisini iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Tafuteni yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa kuwa Windows 11 haikubali rasmi nyingi za kabla ya hapo, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kisha ongezeni kadi ya picha isiyodai waya wake wa umeme. Tundu la kadi kwenye bodi mama hutoa hadi wati 75, na kadi kama GTX 1650 hutosheka na kiasi hicho. Kagueni kwanza, maana baadhi ya matoleo ya kadi hiyohiyo hudai waya wa ziada. Kagueni pia ukubwa wa kasha: lile jembamba hupokea kadi fupi pekee. Na mkumbuke kuwa nyingi za mashine hizi zina pawa saplai ya umbo lake, hivyo si rahisi kuibadilisha baadaye.

Njia ya pili ni kujenga kidogokidogo kwa vipuri vipya. Nunueni prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake, mfano Ryzen 5 5600G, mcheze michezo myepesi bila kadi, na kadi ije fedha zikipatikana. Hapa herufi moja ina thamani: Ryzen 5 5600 isiyo na G haina uwezo huo, na bila kadi skrini itabaki nyeusi. Kwa kuwa prosesa hii hutumia RAM kuchorea picha, nunueni vijiti viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16. Ujazo ni uleule, lakini viwili hupitisha data kwa kasi zaidi, na tofauti huonekana mchezoni.

Kwa njia zote mbili, wekeni diski ya SSD. Mchezo mkubwa kama GTA V pekee huweza kuchukua zaidi ya gigabaiti 100, basi fikirieni nafasi, na bando pia. Wala msinunue kadi ya gharama kubwa kwa skrini ndogo ya zamani. Uwezo mliolipia hamtauona.

Kabla ya kulipa kifaa kilichotumika, kiwashwe mbele yenu na mchezo uendeshwe kwa nusu saa. Kikizima au kikigandisha picha, kiacheni hapohapo dukani. Nunueni kwa mfanyabiashara mwenye leseni, mdai risiti ya EFD, na dhamana iandikwe. Maneno ya mdomo hayarudishi fedha.

Kwa wanaouliza kuhusu mikopo: mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, huvilenga vikundi vya shughuli za kiuchumi. Haimnunulii mtu kompyuta ya kuchezea. Lakini mashine hiyohiyo huhariri video na kutengeneza matangazo. Kikundi chenye nia hiyo kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Wazazi wangu, kijana akija kuomba fedha za kompyuta, msimuulize tu kama ni ya michezo. Muulizeni pawa saplai yake ni ya aina gani. Akijibu vizuri, mjue amejiandaa.